Dhahabu ya Rwamagasa hupotelea wapi?

Mchimbaji mdogo anapopata dhahabu kidogo kuliko alivyotarajia, lawama huiangukia zebaki. Lakini ukifuatilia jiwe hatua kwa hatua kwenye machimbo kama ya Rwamagasa, mkoani Geita, utaona hasara nyingi imeshatokea kabla zebaki haijamiminwa.

Kazi huanza kwenye karasha. Dhahabu ikiwa bado imefungwa ndani ya jiwe haitengeki, kwa hiyo jiwe husagwa hadi liwe unga. Likisagwa nusunusu, punje hubaki zimefungwa. Likisagwa kupita kiasi, dhahabu inakuwa laini mno na kuchukuliwa na maji.

Hatua ya pili ni uzito. Unga huo humwagwa pamoja na maji juu ya mbao zilizoinamishwa na kutandikwa magunia. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya kwatzi, lile jiwe jeupe, gramu 2.65 tu. Maji huondoka na jiwe, dhahabu hunasa kwenye nyuzi. Yakienda kasi, punje ndogo nazo husombwa; yakienda polepole, mchanga huziba gunia. Magunia husuuzwa kwenye beseni, na sumaku huondoa vipande vya chuma vilivyokatika kwenye karasha.

Ndipo huja zebaki, ambayo hushikana na dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa: zebaki iliyozidi hupenya, kidonge cheupe hubaki. Karibu nusu ya kidonge hicho yaweza kuwa zebaki.

Mwisho ni moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, ilhali dhahabu huanza kuyeyuka kwenye 1,064. Kwa hiyo ya kwanza huondoka kama mvuke, ya pili ikabaki. Ukichoma hadharani, mvuke huo unauvuta wewe na jirani yako, unaobaki hushuka ardhini na majini, na ukishageuzwa na bakteria huingia kwenye samaki. Ritoti, chungu cha chuma kilichofungwa na kuunganishwa na bomba linalopozwa kwa maji, hufanya kazi kama mtambo wa gongo: mvuke hupoa bombani na kurudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliofanyika Rwamagasa miaka ya 2000 ulihimiza teknolojia hiyo, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Mabaki ya unga uliooshwa, yaani marudio, huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanidi, nao hupata faida kwa sababu dhahabu nyingi bado imo. Zebaki haiwezi kurudisha kilichopotezwa na karasha na maji. Mchimbaji anayetaka mavuno zaidi na aanzie hapo: apime usagaji na arekebishe kasi ya maji. Na kama bado anatumia zebaki, asiichome bila ritoti, wala asiichome karibu na nyumba.