Ringi Iliyosukwa, na Upepo wa Ubavuni

Kutoka Shinyanga mjini kwenda Tinde, kiangazi kikikolea, kusi humpiga dereva wa bodaboda ubavu wa kushoto. Nchi ni mbuga. Miti mingi ya zamani ilifyekwa karne iliyopita, kwa ajili ya mashamba na kwa vita dhidi ya mbung'o. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kupumzishwa, lakini miti iliyorudi imesimama kwa mafungu, na hapo ndipo penye hila: dereva anapita kwenye kinga ya ngitili ametulia kabisa, miti inakatika, upepo unamrukia wote kwa mpigo.

Unapomrukia, gurudumu la nyuma halimsumbui sana. La mbele ndilo linaloning'inia kwenye usukani, na kila linaposukumwa mikono huhisi. Pikipiki ikikimbia kilomita 60 kwa saa na upepo ukaja ubavuni kwa 30, viwili hivyo huungana na kulipiga gurudumu kwa pembe ya nyuzi karibu 27. Kasi ya hewa inayolipiga ikiongezeka mara mbili kwa pembe ile ile, msukumo wake huwa mara nne.

Ndiyo maana gurudumu lililozibwa kama sahani ni la kuogopwa. Harley-Davidson Fat Boy ya 1990 ilijulikana kwa magurudumu ya namna hiyo, ila ile ina uzito wa kilo 300 hivi wa kuishikilia barabarani. Boxer au TVS ya kilo mia na kitu ingepeperushwa. Hata katika mashindano ya Ironman ya Hawaii, waendesha baiskeli walikatazwa magurudumu ya sahani kwa sababu ya upepo huu huu wa ubavuni.

Kwenye vijiwe vya Kahama na Katoro ubishi ni mwingine: spoku au rimu za spoti, zile za aloi? Kwa upepo peke yake, sioni cha kugombania. Zote mbili zina uwazi mkubwa wa kupitisha hewa, na godoro lililofungwa nyuma ya abiria linakamata upepo kuliko rimu yoyote. Mimi niko upande wa spoku kwa sababu nyingine. Rimu ya spoti ikipasuka kwenye shimo la barabara ya machimboni, mara nyingi safari yake imekwisha. Ya spoku hupelekwa kwa fundi.

Na fundi huyo anastahili kutazamwa bila haraka. Kwa kawaida spoku ni 36, nusu zinavuta ringi kulia na nusu kushoto, na habu inashikiliwa katikati kwa mvutano huo tu. Anaanza na habu chini, spoku zote zimelegea, akizipishanisha moja juu ya nyingine kwa mpangilio ambao mkono wake unaujua kuliko mdomo wake. Ukimwuliza ipi inafuata, huenda akasita; usipomwuliza, hakosei. Kisha analipachika gurudumu kwenye ekseli, anashika kipande cha waya karibu na ukingo wa ringi na kulizungusha polepole. Waya ukikwaruza, hapo pamevutwa upande mmoja. Hakimbilii kukaza. Analegeza za upande ule kwa robo mzunguko, anakaza za upande wa pili kwa kiasi kile kile, anazungusha tena. Pembeni pakinyooka, ringi inaweza bado kuwa yai, inapanda na kushuka, na kuliondoa yai hilo kunaharibu unyoofu wa pembeni. Anarudi nyuma. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa.

Mwisho anazigonga spoku kwa spana, moja baada ya nyingine, sikio limeinama. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea huguna.

Mguno huo mmoja unaonekana mdogo mpaka ukutane na lori la bandari kavu ya Isaka. Lori linapokupita kutoka upande wa upepo, kwanza linakusukuma nje, halafu linakukinga. Wewe uliyekuwa umeegemea upepo unajikuta unaliangukia lori lenyewe. Likimaliza kupita, upepo unarudi. Ndani ya sekunde chache usukani umetakiwa kujibu mara tatu. Spoku zikiwa zimelegea, ringi hujipinda kwanza kabla ya tairi kufuata. Dereva anasahihisha, jibu linachelewa, anasahihisha zaidi, pikipiki inaanza kuyumba. Wengi husingizia upepo, au beringi za shingo, ambazo nazo kweli huchangia.

Kabla ya kurudisha tyubu, fundi mzuri anasaga kila ncha ya spoku iliyochomoza ndani ya ringi. Na kwa aliyefungiwa spoku mpya atasema: "Kaka, tembea nayo siku chache, halafu uilete." Vyuma vikishakaa mahali pake mvutano hupungua, na kazi ya waya na spana hurudiwa. Wanaorudi ni wachache; abiria wa Geita hawasubiri.