Jina la Ukoo Lililomponza Tess

Wengi tuliosoma Tess of the d'Urbervilles ya Thomas Hardy (1891) tunamlaumu Alec, na ni haki yake. Mimi lakini namlaumu kwanza yule kasisi wa sura ya kwanza. Anakutana njiani na mchuuzi fukara, John Durbeyfield, anamwambia eti yeye ni wa ukoo mkubwa wa d'Urberville. Basi, balaa likaanzia hapo! Mzee analewa, farasi anakufa, binti anatumwa kwa "ndugu" matajiri. Ndugu gani? Baba yake Alec alikuwa mfanyabiashara aitwaye Stoke. Jina la d'Urberville alilipata vitabuni, British Museum, akaliongeza kwenye lake.

Hardy hakulitoa hewani. Akina Turberville walikuwepo kweli Dorset, na makaburi yao yako kanisani Bere Regis.

Kinachonikera ni hiki: baada ya kulicheka jina, Hardy mwenyewe analiogopa. Tess anapoua, Angel anawaza kama ni damu ya d'Urberville, na kisa cha gari la farasi la ukoo kimeshatutayarisha tuamini hivyo. Jamani, msichana aliyetendewa vile anahitaji damu ya mabwana ili akasirike?