Askofu wa Miti

Watu wakimpa mtu jina la sifa, jina hilo huonyesha kazi yake, tena mara nyingine huificha nusu yake. Ndivyo tuonavyo katika jina la "Askofu wa Miti" alilopewa Dk. Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, Moshi, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania tangu 2016 mpaka Januari 2024.

Alisoma elimu ya Mungu mpaka Ujerumani, wala hakuiacha vitabuni. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilometa za mraba zipatazo 11. Mwaka 2011 hazikufika 2. Yeye aliwahimiza Wakristo wa mlimani wapande miti, hata vijana wa kipaimara wakatakiwa kupanda yao kabla ya kuwekewa mikono.

Wako wawezao kusema, "Hii ni sheria mpya, Luther alifundisha ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo." Neno hili lina uzito. Kijana akidhani kwamba anainunua baraka kwa mche, amepotea. Lakini Luther huyo huyo alifundisha ya kuwa imani iliyo hai haikosi kuzaa matunda. Mti haumwokoi aupandaye. Wamfaa jirani yake, atakayekunywa maji baada yake. Katika hili twaona Askofu ana haki.

Upungufu tuuonao umo katika jina, si katika mafundisho. Jina hilo latufanya tudhani ya kuwa kazi yote ni kupanda. Lakini sisi wa Majengo, hapa Mpanda, miombo yetu ingalipo, na ni sisi tuiangushao: kwa mkaa, kwa mashamba, na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Mto Katuma, uwanyweshao viboko wa Katavi, maji yake huchukuliwa na mashamba ya juu, na kiangazi viboko husongamana matopeni. Basi mtu akipanda miche kumi siku ya sherehe, kisha akaangusha mininga mia porini, amefanya kama wale waliotoa zaka ya mnanaa wakayaacha mambo makuu.

Katika Mwanzo 2:15 Adamu alipewa kazi mbili, kulima na kutunza. Ile ya kwanza twaipenda sana. Ya pili twaiacha kwa bwana misitu.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa kipaimara wasiulize tu, "Umepanda mti gani?" bali pia, "Ni mti gani ulioweza kuukata, ukauacha?" Nasi tuandikao haya twapika kwa mkaa, imetupasa kulijibu swali hilo kabla ya wanafunzi wetu.