Mabingwa wa St Andrews katika Picha ya Charles Lees

Picha ya rangi iliyokamilishwa na Charles Lees (1800-1880) katika mwaka 1847, ambayo leo imo katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri mjini Edinburgh, huhesabiwa kuwa kumbukumbu kuu ya uwanja wa gofu wa St Andrews, kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti. Upana wake unapita mita 2, na ndani yake wamesongamana watu zaidi ya 50. Sifa hiyo ni ya haki, lakini inaacha swali moja bila jibu: katika umati huo, bingwa ni nani?

Mchoraji anajibu kwa mpango wake. Katikati amewaweka mabwana wanne wanaoshindana wawili kwa wawili: Sir David Baird na Sir Ralph Anstruther upande mmoja, Meja Hugh Lyon Playfair na John Campbell wa Saddell upande wa pili. Mpira unakaribia shimo, na umati unainama kuufuata. Hapo ndipo ustadi wa Lees unapodhihirika, kwani kitu kidogo kuliko vyote katika picha ndicho kinachotawala vyote. Mji na minara yake umesukumwa mbali. Hata uwanja wenyewe umepewa nafasi finyu, na mwenye hamu ya kuyaona mabonde yake na mashimo yake ya mchanga itambidi ayatafute kwingine.

Kasoro iko katika nyuso. Ni nyingi mno, na karibu kila moja imetunzwa sawa na jirani yake. Inajulikana kwamba Lees alijisaidia kwa picha za kamera za David Octavius Hill na Robert Adamson. Basi si ajabu kwamba baadhi ya watazamaji wanaonekana kungoja kamera kuliko kuungoja mpira. Ilikuwapo pia sababu ya kijamii. Nakala za picha hiyo zilichapwa, pamoja na karatasi ya kuonyesha majina, ili kila bwana aweze kujitafuta na kujiona. (Asiye na jina la kutafutwa hakuhitaji karatasi hiyo.)

Katika Kiswahili, bingwa ni mjuzi wa kazi yake kabla ya kuwa mshindi wa kombe. Kwa maana hiyo, bingwa wa picha hii hayuko katikati. Ni Allan Robertson (1815-1859), aliyechorwa miongoni mwa watazamaji. Huyu alikuwa fundi wa mipira ya siku zile, mifuko midogo ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege, kazi ngumu iliyomruhusu fundi kumaliza michache tu kwa siku. Ndiye pia aliyekuja kuuzunguka uwanja wa St Andrews kwa mapigo 79 katika mwaka 1858, wa kwanza kushuka chini ya 80. Mwanafunzi wake, Tom Morris, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara nne kati ya 1861 na 1867. Hivyo mpira unaovuta macho ya mabwana wote ni zao la mikono ya watu wa aina ya Robertson, na Lees, ajapokuwa na nia ya kuwatukuza wenye vyeo, amechora utegemezi wao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 George Reid alimchora Tom Morris, akiwa mzee, peke yake bila umati wala bwana wa kumtangulia. Kama picha ya mtu, kazi hiyo ina uzito ambao Lees hakuufikia katika uso wowote wa wale wanne. Lakini haina mchezo ndani yake. Lees anao, na anao zaidi kandokando: kwa wachukuzi waliobana fimbo kwapani, maana mifuko ya kuzibebea ilikuwa haijaanza kutumika, na kwa msichana anayeuza kinywaji cha tangawizi. Hawa hawakuwa na cheo cha kulindwa, na brashi imewapitia kwa wepesi.