Ubao Mzima, Mtu Mzima

Fundi wa vyombo akikagua mashua iliyopwelewa, sikio lake hutangulia macho. Pale Malindi, karibu na gati ya wavuvi, nimekaa mara nyingi chini ya mkungu nikimtazama mzee mmoja akizunguka mashua iliyolala ubavu mchangani, mkononi ana nyundo ndogo ya mpini uliolika. Hugonga ubao, hutulia, husogea kiasi cha shubiri moja, hugonga tena. Ubao ulioliwa na maji kwa ndani hutoa sauti nzito, kama iliyozibwa. Ulio salama huitikia. Akiusikia ukiitikia, mzee hutamka neno moja tu: “Mzima.” Akifika palipooza hasemi kitu, hutia alama ya mkaa na kuendelea. Mwanafunzi wake humfuata nyuma, akigonga palepale alipogonga mkubwa wake, ili sikio lizoee.

Fundi angeweza kusema mzuri, au mgumu, au imara. Hasemi. Ubao mpya uliotoka juzi kwa wauza mbao unaweza kuwa mzuri wa kutazama na ndani una ufa. Ubao wa zamani, uliokolea weusi kwa kupakwa sifa ya papa mwaka baada ya mwaka, hauna uzuri wa kumvutia mpita njia, lakini ukiugonga unajibu. Neno analolitaka fundi ni lile linalouliza habari za ndani: je, kitu hiki kingali kimeshikamana chenyewe kwa chenyewe? Kitaweza kuchukua mzigo wake? Kwa Kiswahili, swali hilo lina kivumishi chake, nacho ni kile kile tunachokitumia kuulizana hali asubuhi.

Kivumishi hiki ni kikongwe. Wabantu wamekibeba katika lugha zao mbalimbali, kila mmoja kwa matamshi yake. Mkikuyu akisema mũndũ mũgima amesema mtu mzima. Mkamba huita afya ya mwili ũima wa mwĩĩ. Mnyarwanda huita uhai ubuzima, na afya pia huiita ubuzima. Kwa hiyo pwani yetu ilikuwa na neno hili kabla biashara ya Bahari ya Hindi haijatuletea maneno mengine mengi mazuri. Kutoka Kiarabu tulipata hai, afya, salama, kamili, timamu na baleghe. Ukiyatazama maneno hayo sita utaona kila moja limechukua upande mmoja wa kazi iliyokuwa ikifanywa na neno moja. Aliye mzima ni aliye hai. Ni mwenye afya pia. Ni asiyepungua kitu, asiyevunjika, mwenye akili zake, aliyekua akafika. Wageni walipokuja, neno letu halikuhama nyumba. Liliwakaribisha na likaendelea kufanya kazi zote.

Ndiyo maana tunasema yai zima, jino zima, wavu mzima na noti nzima. Tunasema mwaka mzima, kijiji kizima. Mgonjwa akiinuka kitandani tunasema sasa ni mzima. Aliyeokolewa baharini tunauliza kwanza kama ametoka mzima. Nchini Tanzania vijana husema fulani amehama mazima, yaani amekwenda na kila chake, hakuacha hata ufito wa kumrudisha. Waislamu katika dua zao humwomba Mola awape uzima. Wakristo katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 husoma habari za uzima wa milele. Wote wawili wanalitumia neno la fundi wa mashua.

Mimi nililijua kwa bibi yangu kabla sijalisikia pwani kwa mafundi. Nyumba yake ilikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati kulikuwa na vikombe vya kauri alivyopewa siku ya harusi yake. Vilikuwa vikishushwa wakati wa Idi na wakati wa wageni wakubwa, na sisi watoto ndio tuliotumwa kuvipeleka jikoni kuoshwa. Kikombe kilipoanguka, nyumba ilinyamaza. Kisha sauti ya bibi ilitoka barazani: “Wewe mzima?” Mtoto akajibu, “Mzima, bibi.” Baada ya hapo ndipo alipouliza la pili: “Na kikombe?” “Si kizima, bibi.”

Katika maswali hayo mawili nilifunzwa mambo mengi bila mtu kunihubiria. Nilifunzwa mpangilio: mwana kwanza, chombo baadaye. Lakini nilifunzwa pia kwamba mtoto na kikombe huulizwa kwa neno moja. Kikombe nacho kina uzima wake, na anayekivunja amepunguza uzima uliokuwamo nyumbani. Bibi hakutupa vipande. Alivifunga katika kitambaa akaviweka chini ya kabati, na fundi wa kuunga vyombo alipopita mtaani aliitwa. Kikombe kilirudi kikiwa na mshono wa rangi ya kahawia ubavuni. Hakikutiwa chai tena, lakini kilirudi mahali pake kwenye safu. Tuliambiwa kwamba kimeungwa, na hakuna aliyediriki kusema ni kizima. Maneno hayo mawili hayakuchanganywa. Kuunga ni kazi ya heshima, nayo haihitaji kudanganya.

Usiku, kabla taa haijazimwa, bibi alikuwa akipanga shughuli za kesho: nani atakwenda sokoni, nani atapeleka maandazi kwa jirani. Kila mpango aliutangulizia maneno yale yale: “Tukiamka wazima.” Majirani zetu Wagiriama nao husalimiana asubuhi kwa kuulizana mtu ameamkaje: “Udzalamukadze?” Watu wa pwani hii, waliokaa karibu na bahari yenye kumeza watu, hawakuichukulia asubuhi kuwa haki yao.

Mtu wa kwanza kuyakusanya maneno ya pwani yetu kwa wingi kitabuni aliishi Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Naiheshimu kazi ile. Mtu aliyekaa kilimani akisikiliza, akiuliza, akiandika neno baada ya neno, naye alikuwa fundi. Hata hivyo, kazi ya kamusi ni kupasua. Hulichukua neno moja na kuligawa: maana ya kwanza, maana ya pili, maana ya tatu. Msomaji akimaliza hudhani kuna maneno matatu yanayofanana sauti. Fundi wa mashua, aliyeshika nyundo yake, ndiye anayetukumbusha kwamba ni neno moja, na kwamba wahenga waliolitumia kwa ubao, kwa mwili na kwa akili walikuwa wakisema jambo moja.

Lile jambo linaonekana wazi zaidi katika maneno mtu mzima. Wazee wetu hawakuhesabu miaka peke yake. Mtu mzima alikuwa mtu uliyeweza kumpa siri ukalala, mtu ambaye ungempa mzigo wa jamaa akaubeba bila kupasuka. Ukimgonga kwa neno zito, anaitikia kwa utulivu. Ndiyo sababu kauli ya “mtu mzima wewe!” iliuma kuliko tusi, kwa kuwa ilimwambia mtu kwamba amepatikana na ufa. Leo Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu mzima ni aliyetimiza miaka 18. Sheria inahitaji nambari, na sina ugomvi nayo. Ninachosikitikia ni kwamba tumeiacha nambari ifanye kazi yote. Kijana hupewa kitambulisho, akaambiwa amekuwa mtu mzima, na hakuna mkubwa aliyekaa naye kusikiliza kama ndani pameshikamana.

Kuna jambo jingine la Kilifi ambalo neno hili linanisaidia kulielewa. Wagiriama na ndugu zao huwachongea vigango wanaume wa chama cha Gohu waliokwisha kufariki: nguzo ndefu za mti mgumu, zilizonakshiwa kwa pembetatu ndogondogo safu kwa safu, zenye kichwa cha duara. Kigango kikishasimikwa, roho ya mzee ina pahali pake, na jamaa humwendea kwa tambiko na kwa maombi. Kati ya mzima na mzimu pana herufi moja, na kwa wenye vigango hata umbali wenyewe si mkubwa. Mchongaji anapotia nakshi ile hapambi kuni. Anampa aliyekufa mwili mwingine wa kukaa nao nyumbani.

Mwaka 1985 mzee mmoja wa upande wa Kaloleni alipigwa picha na mwanaanthropolojia Monica Udvardy akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baada ya muda mfupi vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi baadaye vilipatikana Marekani, kimoja katika makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois, kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia, na mwaka 2007 vilirudishwa kwa familia. Watafiti wamekuta vigango vingine vingi, mamia, katika makumbusho ya nchi ile. Vingi vilihifadhiwa vizuri, visiingie mdudu, visipate unyevu. Ukiuliza kwa Kiingereza kama kitu kile ni kizima, utajibiwa ndiyo: hakikumeguka, hakikupasuka, kimewekewa nambari. Ukiuliza kwa Kiswahili, jibu linakuwa gumu. Kigango kilichong’olewa mbele ya wajukuu kikasimamishwa ukutani mwa watu wasiokijua hakina mzee ndani yake. Kimebaki na uzima wa mti, na ule mwingine umekatwa.

Nayasema haya kwa sababu naona neno lenyewe likifanyiwa vilevile. Siku hizi ukipita ufukweni Malindi na kuwasalimu vijana, wanakujibu kwamba wako fiti, au wako poa. Fiti imetoka kwa Waingereza, na sina chuki na neno geni linalokuja kufanya kazi. Lakini fiti ya kwenye midomo yetu husemwa haraka, na anayeisema keshapita. Neno hilo halifai kuulizia kikombe, wala mzee, wala asubuhi. Huku nyuma, neno mzima linapungukiwa na kazi. Magazeti hulitumia kwa maana ya -ote tu: nchi nzima, wiki nzima, kikosi kizima. Hata filamu za aibu zimepewa jina la filamu za watu wazima, jina ambalo bibi yangu angewapa watu waliokaa barazani kusuluhisha ugomvi.

Na neno halififii peke yake. Linafifia pamoja na ile kazi iliyokuwa ikilihitaji. Boti za faiba zimeongezeka, na nyingi zikipasuka hupigwa kiraka cha haraka au huachwa. Mafundi wanaojua kutia pamba kwenye maungio ya mbao, kuipiga kwa patasi ya kalafati hadi ijae, kisha kuipaka sifa na kulipaka tumbo la chombo mchanganyiko wa shahamu na chokaa, sasa ni wazee. Wanafunzi wanawaacha wakaendeshe bodaboda, kwa kuwa bodaboda hulipa jioni ile ile. Viti vyetu ni vya plastiki. Vikivunjika mguu hutupwa nyuma ya nyumba. Fundi wa kuunga vyombo sijamsikia akipita mtaani tangu utotoni. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta, nasi tumeona rahisi kununua ukuta mpya kila mwaka.

Mtu asiyetengeneza kitu hana haja ya kuuliza kama ni kizima. Hununua, hutumia, hutupa. Swali la fundi likipotea mikononi, halitadumu mdomoni, kwa maana lugha haiweki maneno ya kazi zisizofanywa. Tutabaki tukisema siku nzima na nchi nzima, na huku hatujui tena kumwangalia mwenzetu anayesema hajambo tukatambua kwamba ndani pameanza kuoza.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa pwani hii. Mwenye kiti cha babu kilichovunjika asikitupe. Akipeleke kwa seremala, na akae amtazame akikitengeneza. Mwenye mtoto aliyefunga shule ampeleke wiki moja kwa fundi wa vyombo, Malindi au Mtwapa, akashike nyundo na kujifunza kusikiliza. Mwenye kumuuliza jirani “U mzima?” asubiri jibu. Na wakuu wa makumbusho ya ng’ambo wanaoshikilia vigango vya Kilifi wavirudishe kwa wenyewe, kwa kuwa hakuna kioo kinachoweza kuvipa kile walichovinyang’anya. Bado hatujanunua mtambo wa kugonga ubao na kusema “mzima” kwa uhakika wa mzee yule, na wazee wa namna yake tulio nao ni wachache.