Kalamu ya Salme: Wanawake katika Vita vya Kiti cha Unguja, 1859

Mapambano ya mwaka 1859 baina ya Sayyid Majid na nduguye Barghash husimuliwa kwa kawaida kama ugomvi wa wanaume wawili, uliomalizwa na nguvu za Waingereza. Kumbukumbu za Sayyida Salme, zilizochapishwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886, wakati mwandishi akiitwa Emily Ruete, zinatupeleka kwingine. Kwake vita vinaanzia ndani, katika vyumba vya wanawake.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwaka 1856. Majid akashika Unguja, Thuwaini akabaki na Omani. Salme, mzaliwa wa mwaka 1844, alikuwa bado kigoli alipovutwa upande wa Barghash na dada yake wa baba mmoja, Bibi Khole, ingawa aliwahi kuishi nyumbani kwa Majid na kutendewa wema. Utotoni alijifunza kuandika kwa siri, maana mtoto wa kike alitakiwa ajue kusoma tu. Ujuzi huo sasa ukawa silaha: yeye ndiye aliyeandika barua za njama, zikiwemo za kuagiza bunduki na baruti.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, madada waliingia na msafara wa wanawake, wakatoka naye akiwa amejifunika vazi la kike. Walinzi walipisha njia kwa heshima. Katika tukio hili kuna kejeli ambayo Salme haifafanui: adabu iliyowaweka wanawake mbali na macho ya wanaume ndiyo iliyompitisha mwasi mbele ya askari. Shamba la Marseilles, alikokimbilia, lilishambuliwa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Msomaji makini hana budi kuuliza ungamo hili linamhusu nani. Salme anajilaumu kwa waliokufa kutokana na barua zake, na majuto hayo yana uzito. Lakini mwaka 1886 Barghash alikuwa Sultani, naye alikuwa amemnyima dada yake urithi na maridhiano, hata Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Wajerumani. Upole wa Majid na ukali wa Barghash kitabuni vimeandikwa na mkono wenye madai. Ushahidi haubatiliki kwa hilo, ila hauwezi kupokelewa bila kupimwa.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwingine. Njama ilihitaji wapishi, wajumbe na wabebaji, na katika majumba yale kazi hizo zilikuwa mikononi mwa watumwa, wengi wao wanawake. Wao hawakuchagua kati ya Majid na Barghash; hatari waliipata kwa amri. Salme, ambaye katika sura nyingine anautetea utumwa mbele ya wasomaji wa Ulaya, anayapima mapenzi na majuto ya mabinti wa mfalme kwa kina, lakini watu hao anawaacha pembezoni mwa masimulizi.

Kwa hiyo kitabu hiki kinastahili kusomwa mara mbili. Mara ya kwanza kinamrudisha mwanamke katika historia ya vita ambayo ilimsahau. Mara ya pili kinaonyesha kwamba aliyerudishwa ni yule aliyekuwa na kalamu.