Kimya Kilichopimwa: Podikasti Katika Madarasa ya Eastlands

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilirusha masomo kupitia redio za shirika la utangazaji, KBC. Katika nyumba za chumba kimoja za Kayole na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kipindi kikishapita kimepita. Mtoto aliyetumwa maji amekikosa, na aliyekuwepo hawezi kumwambia mwalimu wa redioni arudie sentensi moja.

Redio ya shule, hata hivyo, ilikuwa na siri ambayo walimu wanaotumia podikasti leo wanaisahau. Kati ya 1980 na 1985, KIE, jina la zamani la KICD, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza redioni kwa madarasa ya chini ya msingi. Mbinu yake ilikuwa imejaribiwa kwanza Nikaragua katika somo la hesabu. Sauti inauliza, inanyamaza kwa muda uliokwisha kupimwa kwenye mswada, watoto wanajibu kwa pamoja, kisha jibu sahihi linatajwa papo hapo. Kimya kile ndicho kilichofundisha. Anayekosea anajisahihisha kabla kosa halijaota mizizi, na hakuna anayepata muda wa kusinzia.

Podikasti nyingi za elimu nilizosikia hazina kimya hata kidogo. Mtu anasoma kitabu kwa dakika 30, basi. Mwalimu anayejirekodia mwenyewe aandike mapumziko ndani ya mswada: sekunde tatu au nne kwa jibu la neno moja, zaidi kwa hesabu ya kichwa. Panapohitaji mjadala, aweke mlio mfupi wa kumkumbusha anayecheza rekodi aisimamishe. Redio haikuweza kusubiri darasa; faili inaweza.

Kuhusu vifaa, mpango wa serikali wa 2016 ulizipa shule za msingi za umma vishikwambi vya wanafunzi, vifaa vya walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Palipo na vifaa hivyo vikifanya kazi, intaneti haihitajiki darasani. Pasipo navyo, simu ya mwalimu na spika moja vinatosha. Sauti ya mkondo mmoja kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 4.8 kwa dakika kumi, na kwa maneno ya mtu anayezungumza ubora huo unatosha kabisa. Mwalimu anapakua mara moja, darasa zima linasikiliza. Kumwagiza kila mzazi anunue bando ni kuwafungia mlango wale wale tunaotaka waingie.

Kelele ndiyo shida halisi ya kurekodi huku. Matatu za Jogoo Road, mvua juu ya mabati, mahubiri ya jirani. Simu iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige, na iwekwe katika hali ya ndegeni. Sweta na mablanketi yakitundikwa ukutani hupunguza mwangwi. Vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka 2006 ndani ya kontena, kwa hiyo asituambie mtu kwamba bila studio ya kifahari hakuna sauti.

Lakini faida kubwa zaidi huja wanafunzi wanapotengeneza kipindi wenyewe. Mtaala wa umilisi una mada ya Kusikiliza na Kuzungumza katika Kiswahili, nayo mara nyingi huishia kwenye kusoma kwa sauti. Lipe kundi la watano kazi: wamhoji mama mboga kuhusu bei ya sukuma wiki asubuhi na jioni. Mmoja aulize, mmoja arekodi, mwingine aangalie saa, wawili waandike utangulizi na kuchagua sehemu za kubaki. Mahojiano yaendeshwe kwa Sheng ikiwa ndivyo watu wanavyozungumza. Utangulizi uwe wa Kiswahili sanifu. Mtoto mwenye haya, anayenyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa, hupata nafasi ya kujisikiliza na kurudia mpaka aridhike. Nafasi hiyo mtihani haumpi.

Kipindi kisisambazwe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sauti yake ni mojawapo. Mzazi atie sahihi kabla ya siku ya kurekodi, majina kamili yaachwe nje, na mama mboga naye aulizwe kama anakubali.